Mumeo Si Mwenye Wivu

*Shangazi, nina miaka 54. Ngozi ya shingo imelegea, nami nimeamua kufanyiwa upasuaji wa kuikaza. Mume wangu ana wivu, hataki nipendeze. Kila nikilitaja jambo hili huniuliza habari za presha yangu na nani atakayekesha nami. Nimepanga kufanyiwa akiwa safarini, nipone kabla hajarudi baada ya wiki moja. Vidonge vya presha nimeacha kumeza, kwani najisikia vizuri, na daktari sikumwambia. Je, nakosea?*

Mwanangu, uchungu wa kujitazama kwenye kioo na kuona shingo imekutangulia kuzeeka siubezi. Lakini katika barua yako nimemtafuta huyo mume mwenye wivu nisimwone. Nimemwona mtu anayeuliza maswali ambayo ungepaswa kuyajibu wewe.

Katika upasuaji huo daktari hukata nyuma ya masikio, na mara nyingi chini ya kidevu pia, akaibandua ngozi, akakaza msuli ulio chini yake, kisha akapunguza ngozi iliyozidi na kushona. Damu inaweza kuvuja na kujikusanya chini ya ngozi hiyo, hasa katika saa 24 za mwanzo, na presha iliyopanda huongeza hatari hiyo. Uvimbe ukikua shingoni unaweza kubana njia ya hewa, na mgonjwa akahitaji kurudishwa chumba cha upasuaji usiku uleule. Wewe usiku huo umepanga uwe na nani?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nawe unamficha daktari presha na unamficha mumeo kisu. Siku hizi wanandoa wengi huita siri uhuru, hata katika jambo ambalo likiharibika ni mwenzake atakayeitwa hospitalini. Hata siri yenyewe haitadumu, kwa maana michubuko na uvimbe huchukua takriban wiki mbili kupungua, na makovu hukaa miezi kabla ya kufifia.

Shingo ni yako na uamuzi ni wako, hilo silipingi. Ila ahirisha miadi hiyo leo, mwone daktari wako kuhusu vidonge, na presha ikishatulia nenda na mumeo kwa bingwa wa upasuaji wa aina hiyo, umweleze kila kitu, umuulize pia kuhusu makovu yanayovimba na hatari ya kuumia kwa neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazosogeza mdomo. Na kabla mumeo hajasafiri, mwambie ulichokuwa umepanga.