Tafuteni msimulizi kabla ya kutafuta filamu: jibu kwa ndugu wa Malindi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umesema mna projekta, mna ukumbi wa kuazima hapo Malindi, na mna orodha ya filamu 6 za kale za nchi za nje mnazotaka kuwaonyesha watu. Umeuliza mfanyeje, maana maandishi ya chini yote ni ya Kiingereza, na mnachelea kwamba wazee na watoto hawatayawahi. Hofu yenu ni ya haki. Hapa Amu (Lamu) ilitufika, na msimu wetu wa kwanza wa kuonyesha filamu nusura ufe kwa hilo. Kwa hivyo nitakaa hapo zaidi, mengine nitayapitia mbio.

Sisi tulifungua na Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954. Kijapani, dakika 207. Naipenda filamu ile mno, nikadhani mapenzi yangu yatawatosha na wengine. Tukatundika shuka nyeupe pwani, upepo wa kusi ukaijaza kama tanga, nyuso za watu zikawa zinavimba na kunywea. Ilipofika saa 4 usiku, kati ya watu 40 na kitu walikuwa wamebaki 9, na hao ndio waliokuwa wakisoma Kiingereza mbio. Mzee mmoja mvuvi alinishika mkono akienda zake, akaniambia kwa upole: "Picha ni njema, mwanangu, lakini mumetuata nde." Tumewaacha nje. Usiku ule sikulala.

Hapo ndipo tulipoamua kumweka mtu kando ya skrini na maikrofoni, asimulie kwa Kiswahili. Si jambo geni. Wengi wetu tumekua na mabanda ya video na sauti ya DJ Afro, yule Mkenya anayezisimulia filamu za nje kwa Kiswahili. Na Wajapani wenyewe, enzi za sinema bubu, walikuwa na msimulizi kila ukumbi, wakimwita benshi. Watu wengine walikuwa wakikata tiketi kwa ajili ya benshi kuliko filamu. Kaka yake Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi. Kwa hivyo atakayewaambia kwamba kusimulia ni kuharibu sinema, mwambieni hivyo.

Lakini kuna kusimulia na kusimulia, na hili tulilijua kwa kuumia. Filamu ya pili ilikuwa Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, Italia, 1948. Baba amepata kazi ya kubandika mabango Roma, na kazi yataka baiskeli. Baiskeli iko rehani. Mkewe anavua shuka za kitandani, wanaziweka rehani hizo ili wakomboe baiskeli, na siku ya kwanza tu kazini inaibiwa. Pale karani anapopanda na furushi la shuka kwenye rafu zilizojaa mafurushi ya watu wengine hadi juu darini, kina mama waliguna wote kwa pamoja. Baba anapokwenda polisi na kuona hawana haja naye, kijana mmoja wa boti akasema kwa sauti, "Ndiyo yaliyonipata mimi na mashine yangu." Watu walikuwa ndani ya filamu, ndugu yangu. Ndani kabisa.

Msimulizi wetu alikuwa kijana hodari wa maneno, anaiga mabanda ya video vizuri sana. Basi mwishoni baba naye anajaribu kuiba baiskeli, anashikwa, anapigwa kofi, kofia inaanguka, na mtoto wake Bruno anaiokota huku analia. Kijana wetu akawa bado anazungumza, anaeleza kwamba mtoto sasa ana huzuni, kwamba baba ameaibika. Bibi mmoja aliyekaa mbele akageuka: "Nyamaa, baba. Twaona."

Kijana hakukasirika, Mungu amjaze kheri. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuletea mwalimu aliyewahi kumfundisha darasa la 5, mama aliyestaafu, mwenye sauti ya chini isiyo na haraka. Mwalimu alikubali kwa sharti moja: aipate filamu wiki 2 kabla. Aliitazama mara 3. Ya kwanza bila kuandika neno. Ya pili na daftari la shule, kurasa za kushoto dakika, za kulia maneno. Ya tatu akipunguza. Mwisho husema kama theluthi tu ya mazungumzo. Salamu hazitafsiri, ugomvi wa mke na mume hautafsiri ikiwa nyuso zinatosha. Lakini nani ni nani kwa nani hulisema mapema na hulirudia.

Filamu yake ya kwanza ilikuwa Pather Panchali ya Satyajit Ray, ya 1955, Kibengali. Wazee wetu wa Amu wamezoea picha za Kihindi zenye nyimbo, kwa hiyo aliwaambia mwanzo kabisa kwamba hapa hakuna kuimba na kucheza, lakini sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi, mtakayoisikia ni ya Ravi Shankar, tegeni masikio. Watoto mle ndani wanamwita bibi kizee wa nyumba "pishi". Kwetu pishi ni kipimo cha nafaka, na mjukuu wangu akaniuliza mbona yule bibi anaitwa vibaba 4! Mwalimu alikuwa ameshaliona hilo nyumbani, akalitangulia: kwao pishi ni shangazi. Ukumbi ukatulia.

Kisha lile ninalotaka ulisikie. Durga, yule msichana, amekufa baada ya mvua. Baba yake alikuwa safarini, anarudi hajui, anatoa zawadi moja moja, na anampa mkewe sari aliyomnunulia Durga. Mama anaanguka kulia, na Ray hakutuwekea sauti ya kilio. Ameweka tarshehnai, ala ya nyuzi, inalia mahali pake. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa mwalimu. Dakika nzima kabla ya hapo alizima maikrofoni, akafunga daftari, akaliweka mapajani. Baadaye nililifungua. Ukurasa ule ulikuwa na neno moja: "Kimya."

Mengine sasa. Shuka achaneni nayo. Sisi tulihamia kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba moja ya mawe, ukuta wake umepigwa chokaa. Ukipakwa upya unashinda shuka yoyote, wala hautikisiki. Anzeni baada ya isha, mwache watu watulie, na filamu isizidi dakika 100 mpaka mazoea yaingie. Ramadhani msipange, wala Mfungo Sita kama watu wenu wanakuja kwetu maulidini. Stima itakatika, jenereta ikae mbali kwa waya mrefu, sauti yake ikimfikia msimulizi kazi imeharibika.

Ruhusa ni jambo zito. Filamu ya kuonyeshwa hadharani Kenya lazima ipite Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na kununua diski dukani hakukupi haki ya kuwaonyesha watu. Mwenye haki aandikiwe mbali mapema: wakala mmoja alitukalisha miezi 2 bila jibu.

Fungueni na City Lights ya Charlie Chaplin, ya 1931. Dakika 87, watu hawazungumzi, msimulizi wenu atajifunza pale bila kuogopa. Children of Heaven ya Majid Majidi, ya kaka na dada wanaogawana jozi moja ya viatu, iwekeni likizo ya shule. Seven Samurai tuliirudia mwisho wa msimu, kwa usiku 2, na mwalimu. Yule mzee mvuvi alikuja siku zote 2, na wajukuu.

Daftari la Pather Panchali ninalo hapa, mwalimu ameniruhusu. Nipe siku 2 nipige picha kurasa zake, nitazituma kwenye uzi huu huu.