Maswali ya Wasomaji: Bili ya Sambaza Imetoa 5000500

Nafundisha lugha ya programu ya JavaScript kwa wanaoanza hapa Kadutu, Bukavu. Tumetengeneza programu ndogo ya bili ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani: inauliza bei ya kilo, idadi ya kilo na pesa ya usafiri. Tukiingiza 2500, 2 na 500 inatoa 5000500 badala ya 5500. Kuzidisha kunakubali, kujumlisha kunakataa. Niwaelezeje wanafunzi?

Mwalimu, kila kinachoandikwa kwenye kisanduku cha `prompt` kinaingia kama stringi, yaani maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. Alama ya `*` haina la kufanya na maandishi, kwa hiyo JavaScript inayageuza kimyakimya kuwa namba: `"2500" * "2"` inatoa 5000. Lakini `+` ina kazi mbili, kujumlisha namba na kuunganisha maandishi, na upande wake mmoja ukiwa stringi basi inaunganisha. Ndipo 5000 ikabandikwa mbele ya "500".

Kinachowapoteza wanafunzi ni lile zidisho lililokubali. Wakiona 5000 wanaamini wameshika namba mkononi. Kwa hiyo aina za data zitangulie, opereta (alama kama `*` na `+`) zifuate, na `typeof`, inayotaja aina ya data, iwe mazoea tangu somo la kwanza. Fungua kivinjari, bonyeza F12, ingia kwenye konsoli (intaneti haihitajiki), uwaandikishe:

```
let usafiri = prompt("Usafiri?");
typeof usafiri
usafiri = Number(usafiri);
typeof usafiri
```

Mara ya kwanza wataona `"string"`, mara ya pili `"number"`. Waigeuze data kuwa namba palepale inapoingia, si katikati ya hesabu. Kisanduku cha fomu chenye `type="number"` nacho kisikudanganye: `.value` yake bado ni stringi.

Halafu kuna mtego wa kwetu ambao masomo mengi ya mtandaoni hayautaji. Sokoni bei inaandikwa 2.500 FC, na nusu ya kilo inaandikwa 0,5. JavaScript inajua nukta tu, na kwake nukta ni ya desimali. Basi `Number("2.500")` inatoa 2.5, faranga mbili na nusu, bila onyo lolote. `Number("0,5")` na `Number("2 500")` zinatoa `NaN`, maana yake hii si namba. Ukikimbilia `parseInt("2 500")` utapata 2, kwa kuwa inasoma hadi inapokutana na nafasi, kisha inaacha. Kati ya yote hayo, `NaN` ndiyo nafuu kwa sababu inaonekana. Hiyo 2.5 itapita hadi mwisho wa bili.

Kwa faranga, ondoa nukta na nafasi kwanza:

```
bei = Number(bei.replaceAll(".", "").replaceAll(" ", ""));
```

Kwa kilo, geuza mkato kuwa nukta: `kilo.replace(",", ".")`. Usitumie dawa ya faranga kwenye dola, maana 12.50 itageuka 1250. Angalia pia kisanduku kitupu: `Number("")` inatoa 0, na mteja akibonyeza kitufe cha kughairi, `prompt` inarudisha `null` (hakuna kitu), ambayo `Number` nayo inaigeuza kuwa 0, ingawa `replaceAll` juu yake inaleta kosa. Weka sharti la kukataa `null` mapema, na la kukataa sifuri kabla ya kupiga hesabu.

Na ukitaka kuikamata `NaN`, tumia `Number.isNaN(bei)`. Kuandika `bei === NaN` hakusaidii, kwani `NaN` hailingani hata na yenyewe.

Namba za simu za wateja zinapoteza sifuri ya mbele. Kwa nini? (Msomaji, Bagira)

Kwa sababu umezifanya namba. Jiulize: kuna siku nitazijumlisha au kuzizidisha? Kama hakuna, ni stringi, hata zikiwa tarakimu tupu. Simu, namba ya risiti na namba ya nyumba zote zifungwe ndani ya alama za kunukuu. Kuna baya zaidi ya kupotea kwa sifuri: ukiandika `let risiti = 012345;` bila alama hizo, JavaScript ya mtindo wa zamani inaisoma kwa hesabu ya msingi wa nane na kukupa 5349. Katika hali kali (strict mode) inakataa kabisa, na afadhali ikatae.

Nianze kufundisha `==` au `===`?

Anza na `===`, na kwa muda mrefu usifundishe nyingine. Inalinganisha thamani pamoja na aina, kwa hiyo inakazia lile somo la kwanza: `5 === "5"` ni uongo. `==` inageuza aina kwanza, kwa hiyo `5 == "5"` ni kweli, na mwanafunzi anarudi kulekule tulikomtoa. Ataonyeshwa siku atakaposoma msimbo wa wengine.

Kosa la alama moja ndilo linalokula muda darasani: `if (jibu = "ndiyo")`. Hapo hakulinganishwi kitu. Unaweka "ndiyo" ndani ya `jibu`, na stringi yenye herufi huhesabiwa kuwa kweli, kwa hiyo sharti linapita hata mteja akijibu hapana.

Kwa `<` na `>`, `"10" < "9"` ni kweli: stringi mbili hulinganishwa herufi kwa herufi, na 1 iko kabla ya 9. Hata `[500, 1000, 2500].sort()` inatoa 1000, 2500, 500, ingawa ndani mna namba. Andika `.sort((a, b) => a - b)`.

Bili ya dola inatoa 0.30000000000000004.

Hiyo ni `0.1 + 0.2`. Kompyuta huhifadhi namba hizo kwa msingi wa mbili, na sehemu ya kumi haiandikiki humo kikamilifu. Piga hesabu kwa senti, 10 + 20, kisha gawa kwa 100 wakati wa kuonyesha. `toFixed(2)` iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa inarudisha stringi: ukijumlisha 1 juu ya "12.50" utapata "12.501".

Kwenye kibodi zetu za AZERTY, `||` (yaani "au") iko wapi?

Kwenye AZERTY ya Ufaransa, AltGr na 6, mara mbili. `&&` (yaani "na") ni kitufe cha 1 bila Shift, mara mbili. Alama ya kunukuu iliyolala nyuma (backtick) ni AltGr na 7, kisha kitufe cha nafasi. Na msimbo usiandikwe kwenye Word ya Kifaransa: inageuza `"` kuwa «, na mstari mzima unakataliwa.