Barua kwa Mwanangu: Kadi Yenye Tundu la Buluu

Morogoro, Jumapili usiku

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa Alhamisi nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimeshafunga stesheneri na kuzima taa za mbele. Umeniuliza swali fupi: kwa laki nane ulizodunduliza tangu Januari, uchukue kadi ya grafiki, ile inayoichorea kompyuta picha za gemu, aina ya RTX 3060 yenye kumbukumbu ya GB 12, iliyotumika, ambayo jamaa wa Kariakoo anaiuza laki sita na nusu, au usubiri mwezi mmoja uongezee, upate RTX 4060 mpya ya GB 8? Ukasema nijibu kwa neno moja. Neno hilo ninalo, lakini picha ya kompyuta yako uliyoniambatishia imenionyesha jambo ambalo hukuliuliza, na hilo ndilo lililoniweka macho hadi saa hizi. Umeandika habari za kadi kwa aya mbili nzima, na pawa saplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme, hukuitaja hata mara moja, ilhali lebo yake inaonekana pale juu, upande wa kushoto: wati 260.

RTX 3060 hula wati 170. RTX 4060 hula wati 115. Prosesa yako, ile chipu kuu, i5-8500, imekadiriwa wati 65. Utajumlisha 170 na 65, utapata 235, utaniambia kuwa bado haijafika 260. Najua utasema hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyojiambia mimi zamani. Lakini diski inakula, feni zinakula, kumbukumbu inakula, na kadi yenyewe gemu linapokolea hunyakua kwa kufumba na kufumbua umeme mwingi kuliko ule ulioandikwa kwenye boksi. NVIDIA wenyewe, watengenezaji wa kadi hizi, wanashauri pawa saplai ya wati 550 kwa kadi zote mbili ulizotaja. Isitoshe, tundu la PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, linatoa wati 75 tu. Kinachozidi hapo lazima kipitie waya wa ziada, wa pini 6 wenye wati 75 au wa pini 8 wenye wati 150, na katika picha yako sikuona waya wowote wa namna hiyo. Nimelisema hili tangu mlipokuwa mnaunganisha redio ya marehemu baba yenu kwenye betri ya pikipiki: mashine hulishwa kwanza, ndipo hutumwa kazi.

Utajiuliza kwa nini mama yako amelishikilia jambo hili. Wewe ulikuwapo, lakini nadhani uliliona kutoka upande mwingine.

Ilikuwa Juni 2019, umemaliza kidato cha sita na unasubiri matokeo. Ulikuwa umenisaidia dukani majuma kadhaa bila kuniomba hata nauli, ukipiga chapa barua za watu na kutoa kopi za vyeti, nikaona nikupe zawadi. Ukaniandikia jina kwenye kipande cha karatasi: GTX 1050 Ti, GB 4. Ulichagua kwa akili, maana kadi hiyo, iliyotoka mwaka 2016, ilikuwa ya wati 75, na nyingi za aina yake zilitosheka na umeme wa tundu lake bila waya wa ziada. Kompyuta yetu ya dukani, ile Dell, ingeimudu. Nilipokwenda Dar es Salaam kufuata tona nikapita kwenye duka moja lenye vioo safi na kijana mwenye adabu, nikalipa laki mbili na elfu ishirini, na fedha hiyo ndiyo iliyokuwa ya tona.

Yule kijana aliigeuza kadi akanionyesha nyuma yake matundu ya kuchomekea waya wa monita: tundu la HDMI, tundu la DVI, na tundu la VGA la rangi ya buluu, lenye vishimo vyake kumi na vitano. Nilipoliona lile la buluu moyo wangu ulitulia. Monita yetu ilikuwa ya waya wa VGA, na hofu yangu tangu nipande basi ilikuwa kununua kitu kisichoingiliana na vitu vyetu. Nikasema, hii ndiyo.

Tulipoifunga, kadi ikadai waya wa pini 6. Hapo palitosha kutushtua, lakini fundi akaunga kwa kutumia waya wa diski, na sote tukaridhika. Draiva, programu ya kuiendesha kadi, mliyopakua kutoka NVIDIA ikagoma, tukalaumu intaneti. Gemu lilifunguka vizuri, picha zikapendeza dakika tano, kisha rangi zikaanza kuchanikachanika na kompyuta ikaganda. Siku ya nne iliganda na kazi ya mteja ikiwa ndani, risala ya harusi ambayo ilikuwa haijahifadhiwa, na mteja mwenyewe amesimama kaunta. Ndipo nikatamka, mbele yake na mbele ya mdogo wako, kwamba magemu yako yameniulia mashine ya riziki. Hukujibu. Uliukunja waya wa kipanya taratibu, ukauweka juu ya kibodi, ukatoka. Kwa wiki tatu hukuigusa kompyuta ile hata nilipokutuma.

Mjomba wako alipokuja kutoka Iringa na programu ya GPU-Z, ya kukagua kadi za grafiki, kwenye flashi, haikuchukua dakika mbili. Programu iliandika waziwazi kwamba kadi ni bandia. Ndani yake ilikuwa GTS 450, kadi ya mwaka 2010 yenye GB 1, iliyobadilishwa maandishi yake ya ndani ili ijitambulishe kwa Windows kuwa ni 1050 Ti yenye GB 4. Gemu likiomba zaidi ya ile GB moja ya kweli, halikuwa na pa kuweka, na hapo ndipo picha zilipochanika. Mjomba wako akagusa lile tundu la buluu kwa kidole, akasema chipu za kizazi cha 1050 Ti, kiitwacho Pascal, hazitoi kabisa mawimbi ya VGA. Yaani alama iliyonituliza moyo ndiyo hasa iliyopaswa kunitoa mbio mle dukani.

Fedha niliisahau kufikia mwisho wa mwaka. Ukimya wako wa wiki tatu sijausahau. Sikukuomba radhi siku ile. Nilikununulia chipsi mayai na soda, nikahesabu kuwa yameisha. Nisamehe, mwanangu. Hukuharibu kitu.

Turudi kwenye laki nane zako, kwani nisingependa kisa changu kizimeze.

Kompyuta hizi za maofisini, za Dell na HP zinazoletwa zimetumika kutoka Uingereza na kwingineko, nyingi mazabodi zake hazipokei plagi ya kawaida ya pini 24. Zina plagi zao zenye pini chache, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haiingii moja kwa moja, mpaka upate kiunganishi cha kubadilishia pini kinacholingana na modeli yako, au ubadilishe mazabodi, na ukifika huko laki nane zimekwisha kabla hujaona kadi. Na usinunue pawa saplai kwa kusoma ile namba kubwa iliyochorwa ubavuni. Tafuta kwenye lebo mstari wa volti 12, zidisha volti kwa ampea. Nimewahi kushika moja iliyojiita ya wati 500, mstari wake wa volti 12 ukasema ampea 18, ambazo ni wati 216, na mkononi ilikuwa nyepesi kama boksi la chaki.

Ipo njia ya kutokugusa pawa saplai kabisa, nayo ni kadi zisizozidi wati 75. GTX 1650 ya mwaka 2019 ni mojawapo, ila GB 4 zake zimekuwa finyu kwa gemu za sasa. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, hula wati 70 na haidai waya, lakini usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, ambayo ina nguvu zaidi na inataka waya wake. Majina haya yanawapoteza watu. Hata hiyo 3060 yako ipo ya GB 12 na ipo ya GB 8, na ya GB 8 imepunguzwa pia upana wa njia ya kumbukumbu, ikawa ya polepole kwa kiasi kinachoonekana. Muulize jamaa wa Kariakoo anauza ipi, kisha usitosheke na jibu lake.

Na monita je? Uliniambia ile uliyorithi kwa dada yako ni ya 1920 kwa 1080, inayoonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ikitoa picha 120, macho yako yatapata zilezile 60. Silisemi hili kukuzuia kununua kadi kubwa, maana utaweza kupandisha ubora wa vivuli na maji, na kadi huishi kuliko monita. Ila usilipie usichoweza kukiona mwaka huu wala mwaka kesho.

Hapa pa kadi iliyotumika na kadi mpya ndipo ninapobishana na nafsi yangu. Baada ya mwaka 2019 niliapa kwamba kadi ya grafiki haitaingia nyumbani mwangu bila boksi lililofungwa na waranti iliyogongwa muhuri. Lakini nikigeuka naona kompyuta nne za dukani, zote zimetumika, na zimewasomesha wewe na wadogo zako. Na ile kadi ya 2019 ilikuja ndani ya boksi lililofungwa. Kwa hiyo upya haukunilinda. Kinachonitia wasiwasi kwenye 3060 za mitumba ni kwamba nyingi zilichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, zikamwagwa sokoni baada ya Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, kuachana na uchimbaji wa kutumia kadi mnamo Septemba 2022. Chipu huvumilia, ila feni huchoka, na krimu ya kupozea hukauka. Kaa na muuzaji nusu saa, kadi ikifanya kazi nzito mbele yako, usikilize feni na uangalie joto, na GPU-Z iwe imefunguliwa. Asiyekubali nusu saa, mwachie kadi yake.

Kwa upande wa 4060, inakula kidogo, ina waranti, na inaweza kujitengenezea picha za katikati katika gemu zinazoruhusu. Ila inatumia njia 8 tu za PCIe za kupitishia data kati yake na mazabodi, nayo mazabodi yako ya kizazi cha 8 ni ya PCIe toleo la 3, hivyo GB 8 zikijaa utaihisi ikikwama kuliko inavyokwama kwenye mazabodi mpya. Ile 3060 inatumia njia zote 16 na ina GB 12 za kujinyoosha. Halafu inarudi palepale kwenye wati 170. Mashine hulishwa kwanza. Kadi ya Intel Arc B580 niliyosikia ukiisifia kwa simu iondoe akilini. Bei yake ni ya kuvutia, lakini inahitaji uwezo uitwao Resizable BAR, wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, ambao Intel wanautaka kuanzia prosesa za kizazi cha 10.

Hapa nilikuwa nimeandika jina la kadi moja, nikalikata, nikaliandika tena, nikalikata. Ulimi unaniwasha. Nikikutajia nawe ukanunua kwa heshima yangu, itakuwa tena kadi ya mama, na ile ya kwanza ilitosha. Wewe sasa una kazi yako na mshahara wako huko Mwanza. Chagua mwenyewe, nami sitakasirika hata ukichagua kinyume cha lile jina nililolikata.

Ninachokuomba ni kimoja. Kesho ukitoka kazini, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kompyuta, hesabu pini za plagi kubwa inayoingia kwenye mazabodi, na upige picha ya karibu ya lebo yote ya pawa saplai, hasa ule mstari wa volti 12. Nitumie kabla hujamtumia yule jamaa hata shilingi. Laki nane zako ziweke zote kwenye kadi. Pawa saplai na kiunganishi chake nitavinunua mimi.

Mama yako