Je, Sikwensa Ilibuniwa Ujerumani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni prodyuza chipukizi, natengeneza midundo kwa kompyuta kwa kutumia FL Studio. Rafiki yangu ananiambia kwamba ile safu ya visanduku 16 ninayoitumia kupanga ngoma na besi ilibuniwa na Wajerumani wa kundi la Kraftwerk, na kwamba walifanya kazi hiyo kabla ya kompyuta kuingia studio. Je, ni kweli? Kama hawakuwa na kompyuta, mashine ilijuaje noti ipi ipigwe na kwa wakati gani? Na je, naruhusiwa kukata kipande kifupi cha rekodi zao, tuseme sekunde mbili, nikakitumia kwenye wimbo wangu?

Jibu: Marahaba. Rafiki yako amepatia sehemu na kukosea sehemu, nami nianze na alipokosea. Sikwensa, yaani kifaa kinachopiga noti kwa zamu kama inavyofanya safu yako ya visanduku, haikubuniwa Ujerumani, wala haikubuniwa na Kraftwerk. Nchini Marekani, mtunzi Raymond Scott alikuwa na mashine za kupanga noti kwa zamu hata kabla ya miaka ya 1960, na katika miaka hiyo Don Buchla huko California na Robert Moog katika jimbo la New York walianza kuzitengeneza kama sehemu ya sinthesaiza zao, yaani ala zinazounda sauti kwa umeme. Visanduku 16 unavyoviona kwenye skrini yako navyo vina asili ya Kijapani: mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotoka mwaka 1980, ilikuwa na vitufe 16 vilivyopangwa kwa mstari mmoja, kila kimoja kikiwa robo ya pigo, na programu nyingi zilizofuata, ikiwemo FL Studio iliyotengenezwa Ubelgiji, zikafuata mpangilio huo.

Walichotoa Wajerumani ni kitu ninachokithamini kuliko kifaa chenyewe, nacho ni namna ya kufanya kazi. Walikubali kwamba studio ni ala, kwamba sauti inaweza kujengwa kuanzia wimbi lake la kwanza, na kwamba mdundo wa mashine usiochoka ni muziki kamili ambao hauna haja ya kujifanya umepigwa na mtu.

Fikra hiyo ilianzia katika shirika la utangazaji la umma. Mwaka 1951 redio ya mjini Köln, iliyojulikana wakati huo kama NWDR na baadaye WDR, iliamua kuanzisha studio ya muziki wa elektroniki, na kufikia mwaka 1953 studio hiyo ilikuwa ikifanya kazi chini ya mtunzi Herbert Eimert. Mshauri wake mkuu wa kisayansi alikuwa Werner Meyer-Eppler, mtaalamu wa fizikia na fonetiki wa Chuo Kikuu cha Bonn. Vifaa vingi vya studio ile havikuwa vya muziki hata kidogo: kulikuwa na jenereta za mawimbi ambazo mafundi wa redio walizitumia kupimia mitambo, jenereta ya kelele, vichujio vya kuondoa sehemu fulani za sauti, na mashine za kurekodia kwa utepe.

Tazama jinsi mtunzi Karlheinz Stockhausen alivyotunga Studie II mwaka 1954, kwa sababu hapo ndipo lilipo jibu la kwanza la swali lako kuhusu wakati. Utepe wa studio ile ulikimbia sentimita 76.2 kwa sekunde moja. Kwa hiyo muda ulipimwa kwa rula: sauti ya robo sekunde ni utepe wa takriban sentimita 19, na ukitaka iwe fupi zaidi unakata kwa wembe. Ili kupata sauti moja tu, Stockhausen alirekodi mawimbi matano safi, akakata vipande vifupi vya kila wimbi, akaviunganisha vikifuatana, kisha akavipiga ndani ya chumba chenye mwangwi na kurekodi mwangwi wenyewe, ambamo mawimbi yale matano yalikuwa yameungana kuwa sauti moja. Hata ngazi ya noti aliibuni upya. Badala ya kugawa oktava, yaani umbali hadi noti yenye masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) mara mbili, katika nusu toni 12, alichukua umbali kati ya wimbi moja na jingine lenye masafa mara tano ya lile la kwanza, akaugawa katika hatua 25 zinazolingana. Kazi yote ina urefu wa dakika tatu hivi. Nakusihi uisikilize kwa spika nzuri, kwa maana utakachokisikia ni muziki ambao kila milisekunde yake iliamuliwa na mtu kwa mkono wake.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1956, alitoa Gesang der Jünglinge, ambamo sauti ya mvulana anayeimba inachanganywa na mawimbi ya jenereta hadi inakuwa vigumu kutenganisha kinywa na mashine, huku sauti zikisafiri kati ya makundi matano ya spika ukumbini. Holger Czukay na Irmin Schmidt, walioanzisha kundi la Can mjini Köln mwaka 1968, walikuwa wanafunzi wa Stockhausen, na ukataji wa utepe alioufanya Czukay kwenye rekodi za Can unatoka moja kwa moja katika darasa hilo.

Sasa tuje kwenye mashine. Katika sinthesaiza ya Moog ya wakati ule, noti si namba wala jina. Ni kiasi cha umeme. Volti moja ikiongezeka, sauti hupanda oktava moja, kwa hiyo nusu toni ni moja ya kumi na mbili ya volti, yaani takriban volti 0.083. Sikwensa yake, iliyoitwa 960, ilikuwa na nguzo nane zenye vishikizo vitatu vya kuzungusha kila moja. Saketi inayopiga mapigo kwa mfululizo husogeza zamu kutoka nguzo ya kwanza hadi ya nane na kurudi mwanzo, na kila zamu inapofika kwenye nguzo, volti iliyowekwa kwa kishikizo hicho hutumwa kwa kitoa sauti. Hakuna kumbukumbu wala programu. Kumbukumbu ni vishikizo vyenyewe vilivyogeuzwa na mpigaji, ambaye aliweka noti zake nane moja baada ya nyingine kwa kusikiliza kwa sikio. Akitaka mstari mzima upande au ushuke, hubonyeza kinanda. Volti ya kinanda hujumlishwa na volti za nguzo zote, na noti zote nane huhama pamoja. Mabadiliko ya ufunguo unayoyasikia katika rekodi za miaka ya 1970 mara nyingi ni kidole kimoja kilichobonyeza kitufe kimoja.

Kundi la Tangerine Dream la Berlin, lililoanzishwa na Edgar Froese mwaka 1967, ndilo lililogeuza kifaa hiki kuwa kiongozi wa muziki. Katika albamu ya Phaedra ya mwaka 1974, mwanakundi Christopher Franke aliacha sikwensa iendelee kwa dakika nyingi, huku yeye akibadilisha kichujio na noti polepole kwa mkono. Ukisikiliza kwa makini kibao chenye jina la albamu, utasikia noti zikitoka kwenye mstari wa tuni kidogo kidogo. Saketi za wakati ule ziliathiriwa na joto, na mashine ikipata moto, sauti ilihama. Mafundi wengi wangefuta rekodi ile na kuanza upya. Wao waliibakiza, nami naona ni uamuzi bora kuliko yote katika albamu hiyo.

Munich ilikuwa na njia yake. Mwaka 1977 Giorgio Moroder, Mwitaliano aliyefanya kazi katika mji huo, akiwa na Pete Bellotte na fundi Robby Wedel, alitengeneza I Feel Love ya mwimbaji Donna Summer karibu yote kwa Moog. Ngoma ya chini pekee ndiyo iliyopigwa na binadamu, Keith Forsey. Siri ya besi yake unaweza kuijaribu leo hii. Panga besi yako katika nusu pigo, yaani noti mbili kwa kila pigo. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua milisekunde 500, na robo ya pigo milisekunde 125. Weka ucheleweshaji (delay) wa milisekunde 125 unaorudia mara moja tu, sauti halisi ikae upande wa kushoto na marudio yake upande wa kulia. Kila marudio yataangukia katikati ya noti mbili, besi itasikika ikikimbia mara mbili, na msikilizaji ataihisi ikiruka kati ya masikio yake. Kasi ya wimbo wako ikiwa tofauti, gawa 15,000 kwa kasi hiyo, utapata milisekunde zinazohitajika.

Kraftwerk nao, walioanzishwa Düsseldorf mwaka 1970 na Ralf Hütter na Florian Schneider, walifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya: waliweka mashine hizi zote ndani ya wimbo mfupi, wenye lahani inayoshikika na maneno machache. Autobahn ya mwaka 1974, iliyorekodiwa pamoja na fundi Conny Plank, ilijaza upande mzima wa santuri kwa zaidi ya dakika 22, lakini toleo lake lililofupishwa lilifika nafasi ya 25 katika chati kuu ya Marekani mwaka 1975. Ngoma zao zilikuwa sahani za chuma zilizounganishwa na saketi ya mashine ya midundo, na mpigaji alipozigusa kwa fimbo ya chuma umeme ulipita na sauti ikatoka. Kwa albamu ya Trans-Europe Express ya mwaka 1977 walitumia sikwensa ya Synthanorma, iliyotengenezwa na mafundi Matten na Wiechers wa Bonn, kwa hiyo hapo rafiki yako yuko karibu na ukweli.

Sauti yao ya roboti ni vokoda, kifaa kilichobuniwa na Homer Dudley wa maabara za Bell nchini Marekani kwa ajili ya simu. Kifaa hicho hugawa sauti ya mtu katika vipande vya masafa kwa vichujio, hupima nguvu ya kila kipande, kisha hutumia vipimo hivyo kufungua na kufunga vipande vilevile vya sauti ya sinthesaiza. Mdomo wako hutoa maneno, na sinthesaiza hutoa noti. Dudley alikwenda Bonn mwaka 1948 na kumwonyesha Meyer-Eppler kazi hiyo, miaka mitatu kabla ya uamuzi wa Köln.

Ushawishi wao ulifika mbali kupitia vijana Weusi wa Marekani. Mwaka 1982 jijini New York, Afrika Bambaataa na prodyuza Arthur Baker walitoa Planet Rock, wakichukua lahani ya Trans-Europe Express na mdundo uliotokana na Numbers, kibao cha Kraftwerk cha mwaka 1981, wakavipiga upya kwa kinanda na TR-808. Huko Detroit, Juan Atkins na wenzake waliwasikia Kraftwerk kwenye redio pamoja na fanki ya nyumbani kwao, na kutokana na mchanganyiko huo wakaunda tekno, muziki wa dansi unaopigwa na mashine, ambayo baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka ilirudi Ujerumani na kupata makao katika klabu kama Tresor, iliyofunguliwa mwaka 1991. Ni kosa kuisimulia historia hii kana kwamba Wajerumani walitoa na Wamarekani wakapokea tu, kwa kuwa bila Detroit na Bronx, eneo la New York, mdundo wa Kraftwerk huenda ungebaki kwenye rafu za wakusanyaji wa santuri.

Kuhusu zile sekunde mbili, umetaja bila kujua kesi mashuhuri mno. Mwaka 1997 prodyuza Moses Pelham alichukua takriban sekunde mbili za mdundo wa Metall auf Metall, kibao cha albamu ya Trans-Europe Express, akazirudiarudia ndani ya wimbo wa Sabrina Setlur, na Kraftwerk wakashtaki. Kesi ilipanda kutoka mahakama moja hadi nyingine. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliupa uzito uhuru wa sanaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba hata kipande kifupi sana cha rekodi kinahitaji idhini ya mwenye rekodi, isipokuwa kimebadilishwa kiasi cha kutotambulika kwa sikio. Shauri lenyewe halikuishia hapo. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini wimbo unaopandishwa mtandaoni unasikika kote, kwa hiyo usitumie kipande hicho bila idhini ya maandishi.

Mdundo wa namna ile unaweza kuutengeneza mwenyewe. Tafuta vipande vitatu vya chuma vya unene tofauti, virekodi kwa karibu kimoja kimoja kwa kuvigonga na nyundo ndogo, shusha kimoja kwa oktava nzima, ondoa masafa ya chini ya Hertz 200 kwa viwili vilivyobaki ili visigombane na ngoma yako, kisha vipange kwenye visanduku vyako 16 ukiacha angalau vinne vitupu.