Oili ya giaboksi ya otomatiki kwenye Corolla ya 2003

Ndugu, umesema gari lina kilomita 180,000, hujui oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, na fundi anataka kuisukuma yote nje kwa mashine. Mwambie asubiri. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, kifute kwenye kitambaa cheupe. Ikiwa kahawia tu, badilisha. Ikiwa nyeusi, inanuka kuungua na gia zinateleza, oili mpya haitafufua klachi zilizokwisha, hivyo usimwage hela kwanza.

Fungua nati ya chini ya sampo ya giaboksi, yaani beseni la oili lililo chini yake. Zitatoka kama lita 3. Iliyobaki imo ndani ya konveta, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi. Pima ulichotoa, rudisha kiasi kilekile cha oili ya giaboksi aina ya Toyota Type T-IV, si chochote chekundu anachokusifia muuza duka. Endesha wiki chache, kisha rudia.

Kusoma kiwango ndiko wengi hukosea: oili iwe moto, gari kwenye tambarare, injini inawaka, pitisha gia zote taratibu, rudi P, ndipo uchomoe kijiti na kusoma alama za HOT. Ikizidi hutoa povu.

Ukishusha sampo, tazama sumaku iliyo ndani yake. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma, tafuta fundi wa giaboksi hasa.