Kanga wawili wa bibi

Juzi nimekuta kijana wetu mpya hapa kwenye uhariri wa vitabu vya watoto amefuta "akatembea, akatembea, akatembea" kwenye hadithi, kaacha moja tu, pembeni kaandika "urudiaji". Nikanywa chai kwanza. Wadogo zangu, mtoto wa miaka sita anaingoja ile "akatembea" ya tatu kama anavyongoja embe. Kusema nimechoka, sasa naandika.

1. Soma muswada wote, kwa sauti, mpaka mwisho, kabla hujashika kalamu. Mnalijua hilo. Hata mimi nililijua.

Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa hadithi ya mwalimu mstaafu, kaiandika kwa mkono kwenye daftari. Ukurasa wa kwanza: "Bibi ana kanga wawili." Nikacheka. Mwalimu mzima anakosea upatanisho! Nikakata, nikaweka "kanga mbili". Mbele kidogo kanga "wamekimbilia kichakani". Nikaona huo ni upepo, nikaandika "zimepeperukia kichakani". Nilijiona fundi. Mchoraji alikuwa anangoja, nikamtumia orodha ya maelekezo bila hadithi: uk. 3, kanga mbili kwenye kamba. Naye akazichora na pindo, na mji, na jina kabisa. Uk. 13 kulikuwa na mayai kichakani. Nikamwandikia: mayai kichakani. Hakuuliza ya nani, nami sikujiuliza. Prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, nikatia saini. Nakala 3,000.

Mwalimu alipopata nakala zake alinipigia. Akanijulia hali, akauliza habari za nyumbani, za kazi. Kisha: "Mwanangu, hizi kanga zangu, siku hizi zinataga?"

Nikafungua kitabu huku simu iko sikioni. Kanga! Ndege, yule wa madoadoa, ambaye inasemekana ndiye aliyelipa vazi jina lake. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Herufi ikikosewa unaweza kubandika karatasi ya masahihisho. Bibi anayekimbiza nguo porini utambandika nini? Tulichora upya, tukachapa upya. Makasha ya toleo la kwanza yalikaa chini ya meza yangu mwaka mzima, kila nikikaa nayagonga kwa goti.

Tangu hapo, kosa likinichekesha, namwuliza mwandishi kwanza.

2. Kurasa ni 16, 24 au 32, kwa sababu karatasi inakunjwa. Usiniletee 19.

3. Mchoraji apewe hadithi nzima. Sababu mmeisoma.

4. Vitabu vya darasa la kwanza hatukati neno mwishoni mwa mstari. Na fonti ikibadilishwa, watafuteni ng'ombe wote upya. Ile alama ya ng' hupenda kupotea njiani.

5. Sura ya mtu isikae kwenye mkunjo wa katikati. Nimewahi kumwona mtoto anakipanua kitabu kwa nguvu zote akitafuta pua ya mhusika, pini zikang'oka. Nilimwacha.

6. Muswada unaokwenda kuombewa ithibati Taasisi ya Elimu usomwe na mtu ambaye hajawahi kuuona. Wewe na mimi tumeshaukariri, macho yetu yanaona tunachotaka.

7. Mwandishi mzee mpigie simu, na salamu usiziruke. Yule mwalimu alinisamehe, akaniletea hadithi ya pili. Mhusika alikuwa tausi. Pembeni ya ukurasa wa kwanza kachora ndege kwa kalamu ya wino, kaweka mshale, kaandika kwa herufi kubwa: NDEGE.