Rimiksi ya hip hop ni mziki au ni wizi?

SWALI: Shikamoo anko. Mimi kijana wa Mbagala, napenda hip hop ya zamani. Juzi nimekutana na rimiksi, yani wimbo uliotengenezwa upya, ya Paid in Full ya kundi la New York, Eric B. & Rakim, ile ndefu, ndani kuna mwanamke anaimba kama Kiarabu hivi mpaka mwili ukanisisimka. Braza angu anasema hao wa rimiksi ni wezi tu, hawajui kupiga hata chombo kimoja, wanakata vya wenzao. Ni kweli? Na mimi nikichukua kipande cha taarab ya zamani nikakiweka chini ya rapu yangu ntakuwa na kosa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeitaja hio nimefurahi kweli maana mtu akiniuliza rimiksi nzuri ikoje ndo hio nampa. Waliofanya ni Coldcut, jamaa wawili wa London, Matt Black na Jonathan More, mwaka 1987. Mwanamke ni Ofra Haza wa Israel, familia yake Wayahudi wa Yemen, na anachoimba ni Kiebrania, shairi la Shalom Shabazi wa hukohuko Yemen, karne ya 17. Kwenye rekodi yake anaanza sauti tupu bila chombo, ndo maana waliweza kuinyanyua na kuipandisha juu ya biti ya New York, ila kuwezekana ni kitu kimoja, na kuwa na sikio la kujua kabla kwamba hivi viwili vitakaa pamoja ni kitu kingine kabisa, hapo ndo kazi ilipo.

Vaa hedifoni uanze na orijino, fuata besi tu, mengine achana nayo. Hio besi imetoka kwenye wimbo wa Dennis Edwards wa 1984, na ngoma zimetoka kwa bendi ya The Soul Searchers, 1974. Kwa hio hata hio orijino anayoiheshimu braza ako imejengwa kwa vipande vya watu! Alafu weka rimiksi. Rakim anayerapu ni yuleyule na vesi yake moja, mtu hana hela anawaza atazipataje, lakini sauti ya Ofra ikiingia yani yule jamaa anakuwa kama anawaza akiwa mbali sana na kwao, na hio hali kwenye orijino haipo kabisa. Imeletwa na watu ambao hawakupiga chombo chochote, na mimi nawaita wanamziki bila kusita.

Ila kuna sehemu braza ako namuunga mkono, na watu wengi wanachanganya haya mawili, ufundi na malipo. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ilirekodi Amen, Brother, katikati mpiga ngoma wao Gregory Coleman anabaki peke yake sekunde kama saba hivi. Hizo sekunde N.W.A, kundi la rapu la Marekani, wakazitumia 1988, alafu maprodyuza wa London wakazikimbiza na kuzikatakata mpaka mziki mzima wa jungle, ule wa kudansi wenye ngoma za kasi, ukasimama juu yake. Coleman amefariki 2006 hajapata hata senti. Mwaka 2015 madijei Uingereza wakachangisha pauni kama 24,000 wakampa Richard Spencer, kiongozi wa bendi, Coleman hayupo tena. Inaniuma kila nikiisikia ile ngoma.

Sasa wewe na taarab yako. Wazo ni zuri na sio geni, maprodyuza wa singeli hapo Dar wamekata sana taarab wakaikimbiza mpaka midundo zaidi ya 200 kwa dakika. Ila usidanganywe na wanaosema chini ya sekunde tano ni bure, hakuna sheria kama hio. Tangu mahakama ya New York ilipoamua dhidi ya rapa Biz Markie mwaka 1991 kwa kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan, lebo kubwa zinaomba ruhusa kabla, na ruhusa ni mbili: ya aliyetunga na ya mwenye rekodi. Hapa kwetu anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, uliza nani kasajiliwa kama mwenye wimbo. Wakikataa, au ikiwa ghali, tafuta mpiga kanuni (kile chombo cha nyuzi cha taarab) au akodiani, mlipe, mwambie akupigie melodi mpya ya kwake, mwandikishane, alafu hio ikate unavyotaka.